Nyekundu ya Maji, Kahawia ya Mafuta

Nilistaafu mwezi uliopita, na wiki iliyofuata Mwangi wa karakana yetu alikuja hadi nyumbani kwangu Ngoingwa akiwa na ombi. Alitaka niwaandikie karatasi ya kubandika ukutani: gundi gani ya gasketi, yale matabaka membamba ya kuzibia kati ya vyuma, hupakwa wapi. Walikuwa wamefungua sampu, lile karai la mafuta chini ya injini, ya lori moja wakakuta kipande cha silikoni kimeziba chujio la mafuta, na beringi zote zimekwisha. Aliyeipaka alimaliza tyubu nzima kwa sababu, alisema, hakutaka sampu ivuje. Ni kweli, haikuvuja hata tone.

Karatasi nimeiandika. Ina mistari sita na itatosha. Kurasa hizi nyingine ni za wale watakaouliza mistari hiyo ilitoka wapi. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyote vilikuwa vidogo na vyote vilichelewa.

Nilikuja Thika kutoka upande wa Yatta mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Gereji iliyonipokea ilikuwa ya Mhindi mmoja, nyuma ya maduka, na sakafu yake ilikuwa imekunywa mafuta mengi hata ikawa laini kama ngozi. Fundi mkuu aliitwa Gitau. Alikuwa Mkikuyu mfupi mwenye vidole vinene, na redieta aliita "ladieta" siku zote nilizomjua. Asubuhi yangu ya kwanza alinipa kipande cha chuma bapa na kifuniko cha injini kilichoganda gasketi ya zamani.

"Kwangua," akasema.

Nilikwangua mpaka saa nne. Akapitisha kidole gumba juu yake, akanirudishia. "Bado." Saa sita ikawa bado. Alasiri akapaka masizi na mafuta kidogo kwenye kipande cha kioo, akakilaza kile kifuniko juu yake, akakiinua na kunionyesha. Kilikuwa cheusi pande zote isipokuwa mahali pamoja, pembeni, penye upana wa kucha.

"Hapa pasipogusa ndipo mafuta yatapitia. Ukipajaza gundi, utakuwa umemdanganya mwenye gari. Mafuta hutayadanganya."

Alikuwa na kisanduku cha mbao ambacho hakuna aliyekigusa bila ruhusa. Ndani mlikuwa na mkebe wa shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, ya kahawia kama chai ya rangi. Mkebe wa risasi nyekundu, ule unga wa madini ya risasi, iliyokandwa na mafuta ya kitani mpaka ikawa nzito kama ugali wa mgonjwa. Na kipande cha sabuni ya kufulia. Basi. Shelaki ilikuwa ya mafuta, kwa kuwa mafuta hayaiwezi, lakini maji ya moto huiharibu. Ile nyekundu ilikuwa ya maji, kwenye mabomba na viungo vya kupozea injini. Hiyo ni sumu, na Gitau hakumruhusu mtu kula kabla hajasugua kucha. Sabuni ilikuwa ya petroli. Ninyi mnaicheka sabuni, lakini petroli huyeyusha karibu kila kitu mtakachopaka, na sabuni haiyeyushi. Iwe ya kipande, iwe ngumu. Ya unga haifai, nilishajaribu.

Nilikaa na Gitau miaka miwili na kitu. Kisha Hali ya Hatari ikatangazwa, na baada ya muda asubuhi moja malori yakaja mjini. Wakikuyu wote waliokuwa kazini katika ile barabara walitolewa nje wakachutamishwa, mikono kichwani. Mimi niliangaliwa kipande changu cha utambulisho, wakaona ni Mkamba, nikaambiwa nisimame kando. Gitau alikuwa ameacha kabureta wazi mezani. Alipopita mbele yangu hakunitazama, alisema tu, "Ifunike ile, isiingie vumbi." Niliifunika. Sikumwona tena, na nilipouliza, watu walinishauri nisiulize.

Gereji ilibaki na mimi na yule Mhindi, na baada ya mwezi ikabaki na Mhindi peke yake. Meneja wa shamba moja la kahawa upande wa Ruiru alikuwa anatafuta mtu wa injini ambaye si Mkikuyu. Nikaenda, na kisanduku cha Gitau nikaenda nacho.

Nyumba ya injini ilikuwa chini kabisa, kando ya mto, mahali ambapo bonde ni jembamba na maji yanaporomoka juu ya mawe. Ilikuwa na injini moja ya dizeli, pampu moja, na chumba kimoja nyuma chenye kitanda. Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji hadi kwenye matanki ya kuoshea kahawa juu kilimani. Makao ya wafanyakazi yalikuwa huko huko juu, mbali, na hakuna aliyependa kuteremka mtoni. Wengine waliogopa watu wa msituni, wengine waliogopa kushukiwa kuwa wanawapelekea chakula. Nyapara aliniletea posho Jumamosi, na mazungumzo yake yalidumu muda ule ule wa kutua gunia. Kutembea usiku kulikatazwa, na hata mchana huwezi kutoka shamba moja kwenda lingine bila karatasi. Kulikuwa na wiki nzima ambayo sikusema neno ila kwa injini, na nilianza kuona kwamba inanijibu vizuri kuliko nyapara.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba jingine, na nyumba nyingine ya injini ikitazamana na yangu. Kati yetu palikuwa na kama hatua mia moja, na bonde, na kelele za maji. Injini yao ilikuwa ya kizamani, inawashwa kwa petroli kisha inageuziwa mafuta ya taa. Nilipofika ilikuwa inapiga vizuri. Sikumjua anayeiendesha, lakini nilijua ni fundi. Kisha ikanyamaza kwa wiki moja. Iliporudi, ilikuwa inawashwa na mtu asiyeijua vizuri: inakohoa, inazima, inakohoa tena. Nikatoka nje kutazama. Aliyekuwa anazungusha mkono wa kuwashia alikuwa mwanamke, amejifunga kitambaa kichwani, anazungusha kwa mwili mzima.

Siku zilipita, na ile injini ikawa inazidi kuwa na sauti mbaya. Moshi wake ulikuwa mweupe mno. Siku moja saa sita, injini zote mbili zilipokuwa zimezimwa, nilisimama ukingoni nikapiga kelele kwa Kikamba:

"Injini yako inakunywa maji."

Alitafuta sauti ilikotoka. "Wewe ni nani?"

"Mutiso. Wa pampu."

"Hata mimi ni wa pampu," akasema kwa Kikikuyu.

Lugha zetu mbili ni za jirani. Pale ziliposhindwa kusikilizana tuliingiza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nikamwuliza mafuta ya injini yake yana rangi gani. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka.

"Kama chai ya maziwa."

"Usiiwashe tena leo."

"Nisipoiwasha nitafukuzwa."

Habari zake alinipa vipande vipande, saa sita ya leo na saa sita ya kesho. Jina lake lilikuwa Nyokabi. Fundi wa ile injini alikuwa mumewe, Kariuki. Alichukuliwa akiwa kazini, na kwa kuwa mkewe alizoea kumletea chakula na kumsaidia kuiwasha, meneja wa shamba lao alimwambia aendelee. Maadamu maji yanapanda, angeruhusiwa kukaa kwenye chumba chao pale mtoni. Siku injini itakapokufa angepelekwa pamoja na wanawake wengine kwenye kijiji cha serikali kilichozungushiwa handaki, wachimbe kutwa. Kuchimba alisema hakuogopi. Alichoogopa ni kwamba Kariuki akiachiliwa atakuja moja kwa moja pale mtoni, amkute mtu mwingine.

Kwa hiyo ilibidi injini isife, na mtu pekee aliyeweza kusaidia alikuwa upande ambao hakuruhusiwa kuvuka. Daraja lilikuwa mbele, mto unakoteremkia, na kituo cha homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, kilikuwa hapo hapo darajani. Nilimwomba meneja wangu karatasi ya kuvukia, akaniuliza kama injini ya jirani inamwoshea yeye kahawa.

Tukaanza kufungua kichwa cha injini kwa kelele. Ilituchukua siku nne. Kahawa ilikuwa bado kijani na matanki yalikuwa yamejaa, vinginevyo tusingethubutu. Nilimwambia alegeze nati zipi kwanza, na azipange vipi sakafuni ili kila moja irudi ilikotoka. Siku ya pili alitoka ameshika gasketi juu, nikaona jinsi ilivyong'aa wekundu hata kutoka kwangu.

"Nani alipaka hiyo?"

"Nyapara wetu. Alisema ni dawa."

Alikuwa amepaka risasi nyekundu juu ya gasketi ya shaba iliyokwisha kutumika, tena kwa mkono usio na huruma. Nikamwambia aitupe na aombe mpya stoo, kisha akwangue pande zote mbili mpaka chuma kiwe kitupu. Alikwangua siku nzima. Jioni aliniuliza kama inatosha, nikamwambia apitishe kidole gumba. Akapitisha, akarudi ndani kukwangua bila kunijibu.

Siku ya nne aliipata gasketi mpya.

"Hii nipake nini?"

"Usipake kitu."

Aliigeuzageuza ile gasketi mkononi.

"Mutiso, una hakika?"

"Shaba usiguse. Iweke kavu, safi. Kaza nati mbili mbili zinazotazamana, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kisha nikaenda kukaa kitandani, kwa sababu kama kile kichwa kilikuwa kimepinda, hakuna kukaza kungekisaidia, na nisingeweza kujua bila kukigusa. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kufundisha mtu kazi usiyoiona. Alasiri nikasikia inakohoa mara mbili, kisha ikashika. Nilitoka nikasimama mlangoni. Ilikuwa inapiga sawasawa, kama mtu anayetembea akijua anakokwenda.

Baada ya hapo tulishughulikia uvujaji mmoja baada ya mwingine. Kwenye kifuniko cha ubavuni mafuta yalikuwa yanatiririka, nikamwambia akate gasketi kwa karatasi nene ya mfuko: ailaze juu ya chuma na kugonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ijikate yenyewe. Shelaki aliipata kwa seremala wa shamba, aliyekuwa akiitumia kupaka meza za mzungu. Kwenye kiwiko cha bomba la maji alipaka ile nyekundu, kidogo, aliyoipata kwa mafundi wa mabomba. Bomba la petroli lilikuwa linadondosha, akazisugua nyuzi za kiungo chake kwa sabuni yake mwenyewe ya kufulia, na kesho yake akaniambia kwamba hata nguo zake hazijawahi kutakata hivyo.

Ili asisahau, nilimfanya anisomee kila saa sita, kama anayejifunza katekisimu.

"Nyekundu?" nikauliza.

"Maji."

"Kahawia?"

"Mafuta."

"Sabuni?"

"Petroli."

"Shaba?"

"Usiguse."

Aliyakariri kwa siku mbili tu. Lakini tuliendelea kuulizana kwa miezi. Wakati mwingine yeye ndiye aliyeuliza na mimi nikajibu. Hatukuwa na lingine ambalo lingeweza kupigiwa kelele. Mimi nilikuwa na mengi. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa nimeyapanga. Nilitaka kumwuliza anapika nini, kama naye husikia injini yangu akiwa ndani, kama usiku hulala. Yule alikuwa mke wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa kizuizini. Saa sita ikifika nilisimama ukingoni na kuuliza, "Nyekundu?"

Halafu siku moja mchana homgadi wawili waliteremka kwangu. Hawakuniambia kosa. Walinipeleka kituoni darajani, nikawekwa mbele ya afisa wa kizungu, kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, pamoja na karani wa kutafsiri. Karani alikuwa na karatasi. Mtu alikuwa amejificha kichakani siku kadhaa akiandika maneno yetu.

"Nyekundu ni nani?" karani akauliza.

"Ni gundi."

"Maji ni mto gani?"

"Ni maji ya injini."

"Na wa kahawia ni watu gani? Sabuni ni risasi za bunduki?"

Yalipokuwa yanasomwa vile, mstari kwa mstari, hata mimi nilianza kujishuku. Niwaambie wazi kwamba niliogopa. Wakati ule watu walipotea kwa maneno machache kuliko hayo. Nikaeleza, karani akatafsiri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayetunga. Afisa alisikiliza akizungusha kalamu. Mwishoni akauliza jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Anauliza, ukipaka nyingi inakuwaje?" karani akasema.

"Itakayotoka nje utaiona uifute. Itakayoingia ndani itakatika iende kuziba njia ya mafuta. Injini itakufa baadaye, wakati umeshasahau."

Nikafungiwa kwenye chumba cha mabati ubavuni mwa ofisi, na haikuchukua muda nikasikia wanamleta mwingine. Ukuta ulikuwa bati moja tu. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, tulivu, iliyokwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Sikuijua. Mpaka karani aliposema, "Nyekundu?" na ile sauti ikajibu, "Maji," ndipo nikajua ni yeye. Nilikuwa nimemsikia miezi minane na sikuwahi kumsikia akizungumza.

Alijibu yote. Kahawia ni mafuta. Sabuni ni petroli. Shaba usiguse. Karani akamwuliza maana ya kutoigusa shaba, naye akaeleza habari za nati zinazotazamana, kidogo kidogo. Kisha karani akauliza lile swali la mwisho. Hilo nilikuwa sijamfundisha. Nilikumbuka kila saa sita niliyoweza kukumbuka, na hatukuwahi kulizungumza. Niliweka kiganja kwenye bati nikangoja.

"Nyapara wetu alipaka nyingi," akasema. "Nilipofungua niliikuta imeingia ndani, kwenye matundu. Ilikuwa inaiua injini na huku nje inaonekana safi."

Kiti kikasogea. Afisa alisema kitu kwa Kiingereza, na karani, kwa sauti nyingine kabisa, akamwambia Nyokabi kwamba bwana mkubwa kwao ana pikipiki ya zamani, aliifungua mwenyewe, na mambo haya anayajua.

"Huyu mwanamume umeonana naye wapi?" karani akauliza.

"Sijaonana naye. Yuko ng'ambo."

"Hata mara moja?"

"Namsikia tu."

Walimwachilia kwanza. Kulikuwa na ufa chini ya bati, na nilipoinama niliona kisigino chenye vumbi na pindo la nguo ya kaki vikipita karibu kabisa, kama urefu wa spana. Ningeweza kusema jina lake polepole na angesikia. Askari alikuwa naye.

Mimi niliachwa mpaka kesho yake, meneja wangu alipokuja kunidai kwa sababu matanki yalikuwa yamekauka na kahawa ilikuwa inachachuka. Amri tuliyopewa sote wawili ilikuwa moja: hakuna tena kupiga kelele, hakuna kupunga mkono, hakuna ishara ya aina yoyote. Yeye alirudishwa kwenye injini yake, maana kahawa ya upande wake nayo ilikuwa inaiva.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mkiniuliza kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya, nitawaambia ni hiyo, ingawa hakuna nati niliyofungua. Injini yake ikizima saa sita, nami nilizima yangu. Nilitoka nje nikasimama. Naye alitoka akasimama. Nilijiambia kwamba mtu kusimama mlangoni kwake si ishara. Baada ya muda mmoja wetu aliingia ndani, na mara nyingi hakuwa mimi. Nilijua siku anazobadilisha mafuta kwa sababu injini ilikaa kimya zaidi. Nilijua alipougua, kwa siku sita, kwa sababu aliyeiwasha alikuwa mtu mwingine, na siku ya saba nilipoisikia imeshika kwa mara ya kwanza bila kukohoa, nilikula chakula cha mchana nikakimaliza.

Mwisho wa miaka hiyo, masharti yakiwa yamelegezwa, asubuhi moja injini ya ng'ambo iliwashwa na mkono ulioijua tangu zamani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani amerudi. Nilikaa ndani siku hiyo.

Baada ya wiki Kariuki alivuka daraja akaja kwangu. Alikuwa mrefu, amekonda, koti limemning'inia, na alitembea kama mtu anayesubiri kuambiwa asimame. Nikamkaribisha, nikachemsha chai. Aliikagua injini yangu kwanza, akapitisha kidole kwenye viungo.

"Wewe ndiye Mkamba wa sabuni," akasema.

"Ndiye."

"Nimefungua ile yangu yote. Sikupata la kurekebisha." Akanywa chai. "Nilifungua nikitafuta. Nilikuwa nataka nipate hata moja."

Nikamwuliza kama huko kizuizini alikutana na fundi mmoja wa Thika, mfupi, mwenye vidole vinene, aitwaye Gitau. Alifikiri.

"Magitau walikuwa wengi," akasema.

Alipoondoka alisimama mlangoni, akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu bado, wa kazi. "Muda wote huo mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwita kwa jina lake," akasema. "Nimekuja kusema asante. Sitarudi tena, usinielewe vibaya." Nilimwelewa. Mahali pake hata mimi nisingerudi.

Kabla ya mvua walihama, wakaenda kwao Murang'a kwenye shamba walilogawiwa. Pampu yao iliwekewa mota ya umeme ambayo haikuhitaji mtu, na haikuwa na sauti ya kusikiliza. Mimi niliomba kurudi Thika. Karakana mnayoijua ninyi ndiyo iliyonichukua, na miaka yangu mingine mmeiona wenyewe au mmesimuliwa. Nilioa. Marehemu mke wangu, nilipomsimulia haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtu aliyepiga kelele kiasi hicho huenda ndiyo maana nyumbani hakuwa na la kusema. Alikuwa mtu wa haki, na sikubishana naye.

Nimebakiza jambo moja. Miaka kama kumi baada ya wao kuhama, nilikuwa sokoni Thika Jumamosi moja, nikitafuta vitunguu. Nilipita nyuma ya safu ya wanawake waliotandaza magunia, na mmoja alikuwa anamweleza mwenzake habari za mvua. Sauti ya chini, tulivu, imekwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Nilisimama. Nilizunguka nikaja mbele yake. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye uso mpana, mzuri. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake karibu.

"Habari yako, mama," nikasema.

"Nzuri, baba. Nikupimie?"

"Nipimie."

Akanipimia. Nilimwuliza vimetoka wapi, akasema Murang'a. Nilisema mavuno yanaonekana mazuri, akasema Mungu amesaidia. Nilizungumza naye muda mrefu kuliko mtu anavyozungumza na muuza vitunguu, nikingoja aijue sauti yangu. Alinitazama kwa adabu, kama mteja. Ilinichukua muda kuelewa. Mimi nilikuwa nimemsikia kupitia bati. Yeye hakuwahi kunisikia nikizungumza. Mutiso aliyemjua alikuwa mtu wa kupiga kelele.

Ningeweza kusogea nyuma hatua kadhaa, katikati ya soko, nikauliza "Nyekundu?" kwa sauti yangu yote. Watu wangenitazama. Nilikuwa nimevaa koti la Jumapili. Nikashika vitunguu vyangu, nikamwambia asante, akasema karibu tena.

Wiki nzima nilijiandaa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema, nikiwa nimeamua kwamba nitapiga kelele hata soko lote ligeuke. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine. Nilimwuliza yule wa wiki iliyopita yuko wapi, akasema alikuja kumaliza mavuno yake tu, kwao ni mbali, hana kawaida ya kuuza Thika.

"Kwani ulitaka vitunguu?" akaniuliza. "Hata mimi ninavyo."

Nikachukua vyake.